Vundika Halina Jozi

Harufu ilinikuta ngazini, kati ya ghorofa ya 2 na ya 3, jioni moja ya Oktoba 2024. Nilikuwa nimebeba mifuko ya sokoni, vidole vinauma, na kabla sijaipa harufu ile jina nikauona uwanja wa nyumba ya Bibi, Mtambwe, Pemba, majamvi yametandazwa toka barazani hadi kwenye mfenesi, karafuu za siku ya pili zimeanza kuiacha rangi yake ya waridi. Nikasimama. Karafuu, Leipzig? Nikavuta pumzi tena. Chini ya ile karafuu palikuwa na kitu kingine, kizito, kibichi, chenye utomvu. Hapo nikatambua: mzee wa ghorofa ya 3 amevuna.

Jengo zima lilijua habari za mimea yake. Ilikaa kwenye roshani tangu mwezi wa Mei, imeegemezwa vijiti kama minyanya, na wala hakuificha. Tangu tarehe 1 Aprili mwaka ule sheria ya Ujerumani ilimruhusu mtu mzima kuotesha nyumbani kwake mibangi isiyozidi 3 na kuweka gramu 50 za mazao makavu, basi. Kwetu jambo hilo ni jinai, tena nzito, na mimi hata sigara sijapata kuvuta. Anayetafuta hapa fatwa ya kuhalalisha au ya kuharamisha atatoka mikono mitupu. Kilichonishika ni kingine. Kwa mara ya kwanza tangu niondoke Pemba nilimwona mtu mzima anahangaika, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na swali lililotawala utoto wangu: kitu kikishakatwa kwenye mti wake, kitakaushwaje kisipoteze kile kilichofanya kikatwe?

Kesho yake aligonga kwangu. Alitaka chupa za vioo, pana, zenye vifuniko vya kubana. Ananijua kwa achari. Kila mwisho wa mwezi mimi ndiye ninayejaza sanduku la vioo pale chini. Nikampelekea 6, naye, kwa shukrani au kwa upweke, akanikaribisha nione.

Alikuwa dereva wa tramu, sasa amestaafu, mtu wa ratiba. Mbegu, alinieleza, zilikuja na kijitabu. Kilimweleza udongo, maji, mwanga, wadudu. Ya baada ya kisu yalichukua nusu ukurasa. Basi akaamua kufanya majaribio: mimea 3, njia 3.

Wa kwanza aliutia kwenye oveni, moto mdogo, mlango umeachwa wazi kiasi cha kijiko cha mbao. Saa chache tu akaupata mkavu, au alidhani ni mkavu. Nje maua yalikuwa yakivunjika kama biskuti, ndani bado yana unyevu, na harufu yote imekimbia. Alinipa ninuse. Majani ya ng'ombe. Majani ya ng'ombe yaliyokatwa jana na kusahauliwa kwenye mkokoteni.

Wa pili aliugawa kwenye mifuko ya karatasi ya duka la mikate akaiweka kwenye friji la zamani lililokuwa stoo. Hii, kwa kweli, haikuwa njia mbaya. Baridi ya friji ni kavu, inanyonya maji polepole, na haina haraka ya oveni. Tatizo lilikuwa kwamba friji lile halikuwa tupu. Mke wake alikuwa ameweka humo siagi ya akiba. Kuhusu siagi mzee hakunieleza zaidi, na mimi sikuuliza.

Wa tatu alikuwa ameutundika kabatini. Alifungua milango miwili ya kabati la nguo la chumba cha wageni kama mtu anayefungua pazia la jukwaa. Makoti yalikuwa yamehamishiwa kitandani. Kwenye fimbo ya kutundikia nguo kulikuwa na matawi, kichwa chini, yamebanwa kwa vibanio vya nguo, yamepishana vizuri ili yasigusane. Chini, kipimajoto kidogo cha kupima na unyevu. Giza, hewa inayotembea kidogo, ubaridi wa chumba kisicho na mtu. Alikuwa amefikia siku ya 6, na kila asubuhi, alisema, anavunja kijiti kimoja kuona kama kinapinda au kinalia.

Nilicheka, naye akaudhika kidogo, ikabidi nieleze. Bibi alikuwa akivunja karafuu. Akiingiza mkono kwenye jamvi, anachukua moja, anaibana kwa kucha ya dole gumba. Ikipinda, anairudisha bila neno. Ikilia *tak*, anasema, "Haya, hizi zimekuwa." Hakusema zimekauka. Zimekuwa.

*

Karafuu ni ua. Watu wanasahau hilo, kwa sababu wanaikuta ndani ya pilau ikiwa nyeusi na ngumu kama msumari. Ni ua ambalo halijafunguka, linachumwa pale kichwa kinapoanza kushika wekundu, kabla halijapasuka. Likishafunguka thamani yake imekwisha. Bangi nayo, nilikuja kujifunza kwa mzee, ni ua la mmea jike ambao haukukutana na dume. Ukikutana naye, nguvu zote zinakwenda kwenye mbegu. Yote mawili ni maua yaliyokatiwa njia. Na kile kilichonisimamisha ngazini kina jina katika kemia: beta-kariofilini. Kimo kwenye mafuta ya karafuu, kimo kwenye mafuta ya bangi, na jina lake lenyewe limetoka kwenye jina la zamani la kitaalamu la mkarafuu, *Caryophyllus*. Pua yangu haikukosea. Ilichanganya shamba tu.

Msimu ukifika Pemba hakuna asiye na kazi. Wachumaji wako juu ya mikarafuu tangu alfajiri, wanashusha makanda, jioni zinapimwa kwa pishi. Usiku ndio zamu yetu watoto na wanawake: kuchambua. Unashika kishada, unakisokotea kiganjani, karafuu zinadondoka upande huu, makonyo upande ule. Makonyo hayatupwi, nayo yana mafuta na yana mnunuzi wake. Vidole vinakuwa vyeusi, vinanuka wiki nzima, na mwalimu anajua nani hakufanya hesabu zake jana.

Sasa sheria ya kwanza ya Bibi ilikuwa hii: karafuu mbichi hazilali chungu. Hata kama ni saa 6 za usiku, hata kama watu wanasinzia, zitandazwe, ndani ya nyumba kama nje kuna umande. Zikilala zimerundikana zinafukuta. Ukiingiza mkono katikati ya chungu asubuhi utakuta joto kama la tumbo la mgonjwa. Karafuu hizo hata ukizianika kwa jua la wiki nzima hazitashika weusi wake. Zitapauka, zitakunjamana, zitakuwa nyepesi kama maganda. Kosa la usiku mmoja halitengenezeki kwa mchana wowote.

Baada ya hapo ni jua. Siku 4 au 5 za jua zuri, kuzigeuza kwa miguu, tunatembea juu ya majamvi tukiburuta nyayo tukichora mifereji. Kilo 3 mbichi zinabaki kilo 1. Nikiwa mtoto nilidhani huo ni wizi. Nilidhani jua lina kikapu chake mahali.

Na kuna wanaoharakisha. Lami, kwa mfano. Barabara ya lami inapika kutoka chini wakati jua linapika kutoka juu, na karafuu iliyomwagwa pembeni ya barabara inawahi kukauka kuliko iliyo kwenye jamvi. Maofisa hukemea kila msimu, kwa haki: mchanga, mafuta ya magari, kinyesi cha mbuzi, vyote hivyo vinaingia kwenye gunia. Lakini mimi siwezi kumlaumu sana mwenye eneo dogo la uwanja na mawingu yanayokuja. Mvua ndiyo inayowafundisha watu ubunifu mbaya.

Ami yangu alikuwa na ubunifu wake. Mwaka mmoja mvua za vuli zilikuja mapema na hazikutaka kuondoka. Kila tulipoanika, tulianua. Siku ya tatu ya mchezo huo Ami akachukua magunia 2 ya karafuu zilizokauka nusu akazipandisha kwenye dari ya jiko, juu ya mafiga, akazitandaza kwenye uchaga ambapo Bibi alizoea kuweka mahindi ya mbegu. Akakoka moto wa makumbi usiku na mchana. Ukimuuliza alikuwa na hoja: moto ni jua la maskini. Zikakauka kweli, *tak* ilisikika, rangi nzuri, na Ami akazipakia kwenye baiskeli akiimba.

Alirudi nazo jioni. Kwenye kituo cha kununulia, mpimaji alipenyeza mkono ndani ya gunia, akanusa vidole, akamtazama. Karafuu ni mwizi wa harufu; ina mafuta, na mafuta hushika kila kinachopita. Zilikuwa zimeshika moshi, samaki wa kukaanga, dagaa wa juzi, na kitu ambacho Shangazi aliapa kuwa ni mafuta ya taa. Hawakuzitaka hata kwa daraja la mwisho. Bibi hakumgombeza. Alijaza mtungi mmoja akauweka kwa matumizi ya nyumbani, na kwa mwaka mzima pilau yetu ilikuwa na ladha ya nyumba iliyonusurika kuungua. Nitasema ukweli: niliipenda. Hadi leo nikitia karafuu safi ndani ya wali naona kama pana kitu kimepungua.

*

Nilimsimulia mzee habari za Ami, naye akatazama upande wa oveni yake.

Kinachotokea ni hiki. Ua au jani likikatwa, halijui kwamba limekatwa. Kwa siku kadhaa bado linapumua, linakula wanga wake wa akiba na kuugeuza sukari, linaivunjavunja ile rangi yake ya kijani. Likiachiwa muda, linamaliza shughuli zake ndipo likafa, na linalobaki ni laini. Likikaushwa kwa ghafla, shughuli zinasimama katikati. Ukijani unafungiwa ndani. Ndiyo ile harufu ya majani ya ng'ombe: jani lililokufa kabla halijapata nafasi ya kufunga hesabu zake.

Wakulima wa tumbaku wa Urambo na Tabora wanalijua hili kuliko mtu yeyote niliyemsoma. Ndani ya bani, yale majengo marefu yasiyo na madirisha, joto la mwanzo ni la upole, lenye unyevu, na halipandishwi mpaka jani lote liwe la manjano. Ndipo moto unaongezwa hatua kwa hatua, hadi uti wa katikati ya jani nao ukauke. Ni karibu wiki nzima ya kulala kwa zamu, na ni kuni nyingi mno. Misitu ya miombo imeliwa na mabani kwa kiasi ambacho hakuna rangi ya manjano inayoweza kukifidia.

Ufundi huo wa jani la manjano una kisa chake. Mwaka 1839, kaunti ya Caswell, jimbo la North Carolina, kijana mtumwa aliyeitwa Stephen alikuwa zamu kwenye bani ya bwana wake, Abisha Slade. Inasimuliwa kwamba alipitiwa na usingizi. Aliposhtuka, moto ulikuwa unakaribia kuzimika, naye kwa hofu akakimbilia mkaa wa karakana ya uhunzi akautupia. Joto likapanda ghafla, kavu, bila moshi, na tumbaku ikageuka dhahabu. Bwana akatajirika, mtumwa akabaki mtumwa. Wanaokisimulia kisa hiki hupenda sehemu ya mkaa. Mimi napenda ya usingizi. Saa zile ambazo hakuna aliyeligusa jani, jani lilikuwa kazini.

*

Kuna jioni nilijaribu kumweleza mzee neno moja nikashindwa, na kushindwa huko kumenikalia kichwani kuliko mengine yote.

Kazi yote ya mavuno nyumbani kwetu inakwenda kwa jozi. Unaanika, unaanua. Unafunika, unafunua. Unatundika, unatungua. Kiambishi kimoja kinaweka kitu mahali, kingine kinakiondoa, na mtoto anazimeza jozi hizi kabla hajajua kwamba ni sarufi. Hata vumbika, kufukia kitu kwenye majivu au mchanga wa moto, masikio yangu yanaisikia jozi yake katika vumbua: aliyefukua ndiye aliyevumbua. Kazi ya mzee ilikuwa ndani ya jozi hizo hizo. Alitundika matawi kabatini, siku ya 10 akayatungua. Akayatia maua kwenye chupa zangu za achari, akazifunika. Na kila siku, kwa wiki mbili za mwanzo, akazifunua kwa dakika chache, hewa nzito itoke, mpya iingie, kisha akazifunika tena. Alikuwa na ratiba yake ukutani, kwa kalamu nyekundu, kama ya tramu.

Lakini kile kilichokuwa kikitokea ndani ya chupa, gizani, kati ya kufunika na kufunua, ni kuvundika. Ndizi ndani ya shimo lililotandikwa majani makavu, embe ndani ya gunia: unakiweka kitu mahali pa joto na giza kisha unakiacha kijimalize. Na vundika halina jozi. Hakuna kitendo cha kurudi nyuma. Ndizi iliyoiva haivundukiki. Upande wake wa pili hakuna kinyume, kuna jirani: vunda, kuoza. Ukiliangalia neno unaona ni silabi ndogo tu inayowatenganisha wawili hao, na ukiiangalia chupa unaona hivyo hivyo. Joto ni lilelile, giza lilelile, unyevu uleule unaotoka katikati ya ua kuja nje. Ukiufunika mapema mno unapata ukungu, vile vinyuzi vyeupe kama ndevu za paka, na mzigo mzima ni wa kutupa. Wenye busara hawasemi "nitatoa palipoharibika". Ukiufunika ukiwa umechelewa, hakuna tena cha kuvundika, maji yamekwisha na kazi imekufa nayo. Kati ya hapo kuna mlango mwembamba. Watu wa chupa za vioo wanaupima kwa asilimia za unyevu. Bibi aliupima kwa mgongo wa mkono.

Malawi wana njia ambayo mzee aliisikia akanyamaza kabisa. Kule bangi inaitwa chamba, na wakulima kwa vizazi wameyabana maua yake ndani ya maganda ya mahindi au majani ya mgomba, yakafungwa kwa kamba hadi yakafanana na gunzi, kisha yakaachwa yafukute taratibu, mara nyingine chini ya ardhi. Hakuna chupa, hakuna kipimo. Nchi hiyo iliruhusu kilimo cha bangi kwa dawa na kwa viwanda mwaka 2020, na nafikiri kampuni zilizofuata zilikuja na vyumba vya kukaushia vyenye mashine. Lile gunzi ni nani atalipa leseni? Maarifa ya namna hii huonekana ya kishamba mpaka siku anapotokea mtu mwenye koti jeupe akayaita kwa jina refu.

Mzee aliniuliza kama majani ya mgomba yanapatikana Leipzig. Yanapatikana, nikamwambia, duka la Wavietnamu, kwenye friza, na nikajuta papo hapo, maana aliandika.

*

Mwishoni mwa Novemba alinigongea tena, ameshika chupa mbili. Hakunipa kilichomo, anajua sitaki. Alitaka ninuse tu. Alikuwa amelinganisha: huu ni wa friji, huu wa kabati. Wa oveni aliutupa kwenye mboji. Nikanusa wa friji: safi, lakini wa mbali, kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Nikanusa wa kabati. Majani ya ng'ombe hayakuwapo. Palikuwa na ganda la chungwa, na udongo baada ya mvua, na chini kabisa, imetulia, imekaa kwake, karafuu.

Nikarudi ndani nikampigia Mama. Huko ilikuwa saa 9 alasiri, na msimu ulikuwa juu. Nikaanza kumweleza habari za mzee, na kabati, na jinsi anavyovunja vijiti, nikilizungukia lile neno bangi mbali kama mtu anayezunguka shimo, nikisema tu "majani ya dawa". Alikuwa anacheka. Alikuwa anauliza kama huyo mzungu hana jamvi. Kisha akasita katikati ya neno.

"Mwanangu, mvua hiyo."

Hakukata simu. Aliiacha barazani, nadhani, juu ya kiti, kwa sababu niliendelea kusikia: miguu ya watoto, mtu anaita jina la mtu, majamvi yanaburutwa juu ya sakafu, na matone ya kwanza, makubwa, yanayopishana, kwenye bati.